Kabla ya kuuliza bei ya mashine ya kubangulia korosho

Ndugu zetu wa Newala, Tandahimba na Nachingwea wanaotuma ujumbe kuuliza bei ya mashine za kubangulia huku Vietnam, tunawaomba waanze na swali jingine: korosho ghafi ya mwaka mzima utainunua kwa hela gani? Mashine zinapatikana. Viwanda vya serikali vilivyojengwa kusini mwa Tanzania miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980 navyo vilikuwa na mashine, na vingi viliishia kuwa maghala.

Chukua kiwanda cha tani 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kinataka tani 3,000. Nyumbani minada inaanza Oktoba, na Januari mzigo umekwisha. Usiponunua hapo, mpaka msimu mwingine. Tuseme kilo ni shilingi 3,000. Unatakiwa kuwa na bilioni 9 ndani ya miezi mitatu, na mnadani unalipa kwa siku chache, hakuna kukopeshwa. Mbanguaji wa Binh Phuoc, eneo la korosho kusini mwa Vietnam, hanunui hivyo. Kuanzia Februari anavuna za kwao na kupokea za Kambodia, zinafuata za Ivory Coast, Ghana na Nigeria, kisha mwisho wa mwaka zinapakiwa za kwetu Mtwara. Ghalani anaweza kuweka mzigo wa siku 50 tu, tani 500. Hiyo ni bilioni 1.5.

Sasa weka riba. Mzigo wako wa bilioni 9 unapungua kadiri unavyobangua, kwa hiyo wastani wa deni ni bilioni 4.5. Kwa asilimia 15 unalipa milioni 675, yaani shilingi 225 juu ya kila kilo ya ghafi. Mwenzako wa Vietnam akikopa kwa asilimia 8 analipa milioni 120, shilingi 40 kwa kilo. Umeachwa kwa shilingi 185. Na kwa kuwa kilo moja ya korosho nyeupe, yaani iliyobanguliwa na kumenywa, hutoka kwenye kilo kama nne za ghafi, umeachwa kwa 740 kwa kila kilo unayokwenda kuuza, na boila bado hujaliwasha.

Kuna atakayesema ushuru wa asilimia 15 kwenye ghafi inayosafirishwa unamlinda mbanguaji wa ndani. Ni kweli, na kwenye karatasi unafunika pengo hilo na kubaki. Lakini ulinzi huo unaweza kuliwa wote ndani ya kiwanda chenyewe, na hili ndilo linalotuuma zaidi tuliomo kwenye kazi hii, maana halihitaji benki wala waziri.

Huku korosho haipelekwi kwenye mvuke kabla ya kuchekechwa kwa ukubwa. Kisu kilichopangwa kwa korosho kubwa kinaipita ndogo bila kuifungua, na kilichopangwa kwa ndogo kinaipasua kubwa pamoja na kiini chake. Kila saizi ina dakika zake za mvuke, kisha inaachwa ipoe usiku kucha ndipo ikatwe. Ikikatwa ingali moto, kiini ni laini na kinang'ang'ania ganda. Baada ya hapo kiini kinakaushwa kwa saa kadhaa mpaka ngozi iachie. Joto likizidi kinavunjika mkononi. Likipungua ngozi inagoma na mmenyaji anaishia kukikwangua. Kila zamu inapimwa: nzima kilo ngapi, nusu ngapi, vipande vingapi, kwa sababu daraja la WW320, yaani nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja, lina bei nzuri, na vipande vya korosho hiyohiyo vinauzwa kwa bei ya chini sana. Kiwanda kinachoandika tu kilo zilizoingia na kilo zilizotoka hakijui kinapoteza wapi.

Hata ununuzi wenyewe hupimwa. Chukua kilo moja ya sampuli, kata zote, pima gramu za viini vizuri, ongeza nusu ya uzito wa vile vyenye kasoro, zidisha kwa 0.176. Ukipata gramu 284 jibu ni ratili 50 kwa gunia la kilo 80. Mtu akishindana mnadani bila namba hii ya kila ghala, anabahatisha kwa fedha ya mkopo.

Maganda ni kama tani 7 kwa kila tani 10 za ghafi. Huku yanakamuliwa mafuta yakauzwa, na makapi yanawasha boila. Nyumbani mara nyingi ni rundo nyuma ya uzio.

Kuhusu watu, hatukubali ile kauli kwamba Mmakonde au Mmwera haendani na kazi ya kiwandani. Huku ikifika Tet, mwaka mpya wao, kiwanda kinafungwa siku kadhaa na wengine wanachelewa kurudi. Hakuna anayewaita wavivu: oda zinapangwa zitoke kabla, na mshahara wa mwezi wa 13 hulipwa kabla ya sikukuu ili mtu awe na sababu ya kurudi. Mama wa Masasi anayeacha kumenya kwenda kupanda mvua ikianza, au kumcheza mwali wake unyago, ana kalenda inayojulikana. Matengenezo ya boila na visu yawekwe wiki hizo.

Mwenye nia aanze na tani moja kwa siku. Hiyo ni tani 300, milioni 900 kwa bei ile ile, na bado ni mzigo. Aiendee benki na mpango huu: ghafi inunuliwe yote mnadani, ikae ghalani kwa stakabadhi, yaani hati ya mzigo uliomo, funguo zishikwe na msimamizi wa benki, na kiwanda kitoe tani 6 kila wiki kikishalipia. Benki inakuwa na dhamana inayoonekana kwa macho, na wewe unakuwa na kazi mpaka Septemba.