Faili za JM na Ouko: hakimu, si tume nyingine

Wanaotaka faili za mauaji ya kisiasa nchini Kenya zisifunguliwe tena wana hoja moja nzito, na mfano wao ni Kisilu Mutua. Pio Gama Pinto, mbunge, alipigwa risasi nyumbani kwake Westlands tarehe 24 Februari 1965, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Kisilu, kijana mdogo wakati huo, alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Alitoka gerezani mwaka 2001, bado akisisitiza kwamba hakumuua Pinto. Ikiwa kesi iliyosikilizwa ushahidi ukiwa mbichi iliiachia nchi mashaka makubwa hivyo, kesi ya baada ya nusu karne itakuwaje?

Kuna na hofu ya pili. Tom Mboya, waziri na Mjaluo, aliuawa Government Road, Nairobi, tarehe 5 Julai 1969. Oktoba mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu, mji wa Wajaluo, kufungua hospitali, risasi zikafyatuliwa, raia wakafa. Aliyeishi miezi ile ana sababu ya kuogopa faili inayoweza kutonesha kidonda cha kabila zima.

Hofu hizo ni za kweli, lakini zote mbili zimezaliwa na kesi zilizoishia kwa mshika bunduki. Njenga Njoroge alinyongwa kwa kumuua Mboya, na swali la nani alimtuma likazikwa naye. Pale jina la mtoa amri lilipokosekana, watu walijaza kabila. Faili ikifungwa, shutuma huhamia kwa jirani asiyehusika.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mbunge JM Kariuki. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana akitoka hoteli ya Hilton pamoja na Ben Gethi, kamanda wa GSU, kikosi maalumu cha polisi. Mwili wake ulikutwa na wachungaji wa Kimaasai huko Ngong, ukalazwa City Mortuary kama wa mtu asiyejulikana, huku habari zikitangazwa kwamba yuko Zambia. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Ripoti yake ililetwa Juni ikiwa tayari imepunguzwa: majina mawili, la waziri katika Ofisi ya Rais na la mlinzi wa Rais, yaliondolewa baada ya kamati kumwonyesha Kenyatta.

Hata hivyo ripoti ilipita, kura 62 kwa 59. Waziri Masinde Muliro pamoja na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen waliiunga mkono, na wote watatu wakapoteza vyeo. Piga hesabu: wangefuata serikali yao, matokeo yangegeuka kuwa 59 kwa 62 na ripoti ingeanguka. Watu watatu waliweka mkate wao rehani ili Bunge liseme kwamba mwenzao aliuawa na ukweli ukafichwa. Walichopata ni karatasi. Hakuna aliyefikishwa kizimbani kwa mauaji hayo, na Gethi alipanda hadi kuwa Kamishna wa Polisi.

Hapo ndipo penye ubovu, na ndipo wengi wanaodai haki nao hukosea wanapoomba tume mpya. Tume ya uchunguzi ni ya aliyeiteua: yeye huiwekea mipaka, yeye hupokea ripoti, yeye huweza kuivunja. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alikutwa Februari 1990 karibu na kwake Koru, ana risasi kichwani, mguu umevunjika, mwili umechomwa. Polisi walianza kwa kudai huenda alijiua. Mpelelezi John Troon aliletwa kutoka Uingereza, Tume ya Jaji Gicheru ikaanza kusikiliza mashahidi, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijaandika ripoti. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimaliza yake Mei 2013, nayo ikakwamia Bungeni. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Mfuko haumtaji muuaji.

Njia nyingine ipo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, vifungu vya 386 hadi 388. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) anaweza wakati wowote kumwagiza hakimu afanye uchunguzi wa kifo, au aufungue upya ule uliokwisha. Hakimu huita mashahidi chini ya kiapo, hadharani. Akiona kosa limetendwa na mtu anayejulikana, anaweza kutoa hati ya kumleta. Asipomjua mtendaji, huandika maoni yake na kumpelekea DPP. Kesi ya mauaji haina muda wa kuisha. Njia hii imewahi kuzaa matunda: mtoto wa miezi sita aliyekufa Kisumu baada ya kupigwa wakati wa msako wa polisi mwaka 2017 alifanyiwa uchunguzi wa namna hii, hakimu akawataja makamanda waliopaswa kuwajibika, na mwaka 2022 DPP akaidhinisha maafisa washtakiwe.

Mashahidi wa JM wengi wamekufa, ni kweli. Karatasi zina maisha marefu zaidi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu ombi, na taarifa iliyohifadhiwa zaidi ya miaka 30 haihesabiwi kuwa ya siri mpaka taasisi ithibitishe vinginevyo. JM amevuka muda huo, Ouko pia. Ombi linalosema "faili zote za JM" ni rahisi kulikwepa. Ombi litaje kitu: ripoti ya daktari aliyepasua maiti, maandishi ya kitabu cha matukio cha kituo kilichopokea habari za mwili, daftari la magari ya GSU la tarehe 2 na 3 Machi. Likikataliwa, rufaa huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Karatasi ya kwanza ya kuombwa iwe ripoti ya kamati ya Mwangale kama ilivyokuwa kabla ya kupelekwa kwa Rais, yenye majina yote.