Neno "ile" lisomwe na watu wa lugha pia

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema utafiti wa meseji za utapeli ni kazi ya idara za kompyuta. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Chukua ile meseji tunayoijua wote Tanzania: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kompyuta itahesabu maneno, sawa. Lakini mtego wote uko kwenye "ile". Neno moja linamfanya msomaji aamini kuna mazungumzo yaliyotangulia, labda na fundi, labda na mwenye nyumba. Shemeji yangu alikuwa kweli anadaiwa kodi ya nyumba siku meseji hiyo ilipomfikia. Akatuma laki mbili bila kupiga simu. (Hazijarudi mpaka leo, na ukimkumbusha ananuna.) Hiyo ni pragmatiki, yaani jinsi muktadha unavyolipa neno maana, jamani, watu wa isimu (sayansi ya lugha) wanaifundisha kila muhula.

Halafu kuna la sosholojia: kwa nini tunaona aibu kumpigia anayetudai na kuuliza "ni wewe kweli?" Na la sheria, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, laini zikaja kusajiliwa kwa alama za vidole, na meseji bado zinaingia.

Kwa hiyo wawekeni meza moja: Kiswahili, kompyuta, sosholojia, sheria. Najua vyuoni kila idara inalinda bajeti yake. Lakini tapeli mwenyewe ameshachanganya fani zote hizo, na sidhani kama ana hata diploma.