Gari la Safari Lisilo na Tope Halijakamilika

Mwaka juzi nilimaliza kuunda modeli ya gari la Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24, ile nyekundu yenye boneti nyeusi ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971. Niliiweka ndani ya boksi la viatu nikaibeba hadi kwa mzee mmoja jirani yetu hapa Moshi, ambaye ujanani mwake aliishi upande wa Same na alikuwa akisimama kando ya barabara kuyatazama magari hayo yakipita. Nilikuwa nimeipuliza rangi mara saba, nikaisugua kwa msasa wa maji namba 2000, nikaing'arisha mpaka taa ya sebuleni ikaonekana juu ya paa lake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akaligeuzageuza gari kwa vidole viwili taratibu kama mtu anayekagua yai. Kisha akasema: "Mwanangu, kazi yako ni nzuri sana. Lakini hili bado halijaanza safari."

Nimelitafakari neno hilo kwa muda mrefu, na leo ninalitetea kama msimamo wangu: gari la mfano la mashindano ya Safari likibaki linang'aa kama lilivyochorwa kwenye boksi lililouzwa na vipande vyake, kazi yake haijakwisha. Aliyeliunda amefika hatua ya rangi, akasimama pale ambapo historia ya gari lenyewe inaanza.

Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakahamishiwa majira ya Pasaka, yaani katikati ya masika, na mtu yeyote aliyewahi kupita barabara ya udongo mwezi wa nne anaelewa maana ya uamuzi huo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yakafika tena 7 tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Sasa mtu anayeunda 404 ya mwaka 1968 na kuiacha safi, magurudumu yake hayana hata chembe, anatuonyesha gari gani? Gari la namna hiyo lilikuwepo kwa saa chache tu kabla ya kuondoka, na hakuna anayelikumbuka kwa saa hizo.

Wakati mwingine hata rangi yenyewe inataka isomwe upya. Boneti ile nyeusi ya 240Z haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ni rangi isiyong'aa, iliyopakwa ili jua lisigonge kwenye bati na kumrudia dereva machoni. Nimeona picha nyingi za modeli za gari hili ambazo boneti yake imepulizwa klia (vanishi isiyo na rangi) pamoja na sehemu nyingine zote za bodi, ikameta kama kiatu cha harusi. Kazi ya mikono ni safi, lakini gari limenyang'anywa kitu ambacho watu wenye akili walikifikiria kwa sababu maalumu.

Ugumu ulioniteketezea karibu mwaka mzima ulikuwa vipimo. Watu hudhani kuchafua modeli ni jambo rahisi: unaliburuza uani, basi. Nilijaribu hivyo, nikaharibu bodi nzima ya gari la mazoezi, kwa sababu nilisahau kwamba udongo nao una kipimo. Katika 1/24 kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na nne, gari la zaidi kidogo ya meta nne limekuwa kitu cha sentimita kumi na saba kinachokaa kiganjani, ila chembe ya mchanga haijapunguzwa. Chembe ya nusu milimita ikikaa kwenye bampa la modeli ni sawa na kokoto ya milimita kumi na mbili kwenye gari halisi. Ukizinyunyiza mia moja, gari halionekani limepita kwenye vumbi. Linaonekana limemwagiwa zege. Rangi nayo ina hesabu hiyohiyo: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na karibu milimita mbili na nusu za rangi kwenye gari la kweli, na ndiyo maana mistari ya milango huzibwa na rangi nene, gari likaonekana kama sabuni iliyolowa.

Kwa hiyo udongo lazima usagwe. Mimi huuanika juani siku mbili, huutwanga kwenye kinu kidogo nilichokitenga kwa kazi hiyo (mke wangu alinunua kingine cha vitunguu saumu), huuchekecha kwanza kwa chujio la chai, kisha huupitisha kwenye soksi ya nailoni ya kike niliyoinunua kwenye soko la mitumba la Memorial hapa Moshi. Kinachodondoka chini ya nailoni ni unga laini kuliko unga wa ngano. Ukiupuliza unasimama hewani. Huo ndio unaofaa. Kinachobaki juu ya nailoni ninakirudisha kinuni.

Na udongo si mmoja. Ule wa mashambani kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni wa kahawia iliyoiva, unanata na ukikauka unapasuka vipandevipande. Ukishuka kuelekea Mwanga na Same unakutana na wekundu unaoingia hadi kwenye mishono ya shati. Ukienda upande wa pili, tambarare za Sanya ukishapita Boma Ng'ombe zina vumbi jepesi lililofifia, karibu na rangi ya majivu, na karibu na Arusha lipo lile jeusi la majivu ya volkano ambalo mvua ikinyesha hugeuka kuwa utelezi. Ninazo kopo nne zenye majina ya mahali kwenye vifuniko. Kabla ya kuanza huuliza gari hili lilipita wapi, maana tope lisilo na mahali ni uchafu mtupu.

Vumbi halikai ovyo juu ya gari, na hapa ndipo macho yanapohitajika zaidi kuliko mikono. Simama stendi ya Moshi saa kumi na moja jioni, tazama gari lililotoka kijijini wakati wa kiangazi. Mbele si pachafu sana, maana upepo umepafagia. Pamejaa alama za wadudu. Uchafu mkubwa uko nyuma, kwa kuwa gari linapokimbia huacha nafasi nyuma yake ambayo hewa hukimbilia kuijaza, ikibeba vumbi na kulibandika kwenye mlango wa nyuma, juu ya taa na kibao cha namba. Nyuma ya kila gurudumu kuna mkia wa tope unaopanda kwa mshazari hadi usawa wa kitasa. Kwenye kitasa chenyewe pamepanguswa, kwa sababu mkono umepita hapo. Kioo cha mbele kina pepeo mbili safi zilizochorwa na waipa, na katikati ya pepeo hizo kimebaki kipembe kidogo ambacho hakuna waipa iliyokifikia. Nilikata tepu ya karatasi kwa umbo la pepeo hizo, nikazibandika kwenye kioo cha Datsun, nikapuliza vumbi lililochanganywa na klia isiyong'aa, kisha nikazibandua kwa ncha ya wembe. Kilipobaki kile kipembe katikati, nilikaa na lile gari mezani kwa muda mrefu bila kufanya kingine chochote.

Kwa tope bichi njia ni nyingine: unga wa udongo, gundi ya mbao kidogo, maji, mswaki mkuukuu, na kidole gumba cha kuurushia. Tope likikauka hupauka, basi mahali unapotaka lionekane bado bichi unagusa klia inayong'aa kwa ncha ya kijiti cha meno. Usiguse zaidi ya mara tatu au nne.

Rafiki yangu wa Arusha, fundi wa kupuliza rangi za magari ambaye ndiye aliyenifundisha kushika bunduki ya kupulizia rangi, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema saa arobaini za praima (rangi ya kwanza ya chini), msasa na rangi haziwezi kufunikwa kwa udongo wa bure, na kwamba tope ni mahali ambapo fundi mbaya huficha makosa. Ninamheshimu kama kaka, na sehemu ya hoja yake ni kweli: nimeona modeli zilizopakwa tope ili kuziba gundi iliyovuja. Lakini tope zuri linahitaji rangi nzuri chini yake. Vumbi ni tabaka jembamba linaloonyesha kila kitu kilichopo chini. Penye mchirizi wa rangi vumbi hujikusanya na kuutangaza. Mimi mwenyewe nilipopuliza klia katikati ya masika, dirisha likiwa wazi, boneti ya gari moja ilipata ukungu mweupe kama maziwa, kwa kuwa thina ilipokuwa ikikauka haraka ilipoza bodi ya plastiki na unyevu wa hewani ukatua juu ya klia kabla haijashika. Nilijaribu kuuficha ukungu huo kwa vumbi. Ulionekana zaidi. Nililazimika kuitoa rangi yote na kuanza upya, na tangu hapo mwezi wa nne sipulizi klia. Nasaga udongo tu.

Wapo watakaosema hoja hii inahusu Safari peke yake, na kwamba magari ya kale ya Ulaya yanastahili kung'aa. Nadhani wanasahau barabara za wakati huo. Bugatti Type 35, gari la mashindano lililoonekana kwa mara ya kwanza Lyon mwaka 1924 likiwa na rangi ya buluu ya Ufaransa na rimu zake za alumini zenye mikono minane, lilishinda mashindano ya Targa Florio miaka mitano mfululizo, kuanzia 1925 hadi 1929, na Targa Florio ilikuwa ikikimbizwa kwenye barabara za milimani za kisiwa cha Sicilia, Italia. Buluu hiyo ilionwa na wanakijiji ikiwa imefunikwa na vumbi la kwao. Mtu wa Sicilia anayeunda Bugatti anao udongo wake mlangoni, kama mimi nilivyo na wa Same. Huo ni utajiri ambao hakuna duka la modeli linaloweza kumuuzia mwingine.

Ndiyo maana huwa nasikitika vijana wa hapa wanaponiambia kwamba kazi hii ni ya Wajapani na Wazungu. Boksi la vipande vya modeli ni ghali, ni kweli, na ushuru wake unauma. Lakini nani kati yetu hakukunja waya akaunda gari, akakata ndala kuukuu zikawa matairi, akaliendesha kwa fimbo ndefu kwenye tope lenyewe? Mkono unaokunja waya ukawa usukani unao uwezo wa kushika brashi. Na Safari ina mizizi ya karibu zaidi kuliko wengi wanavyojua: Bert Shankland, aliyeshinda mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Chris Rothwell, alikuwa mkazi wa Tanzania.

Gari lake, Peugeot 404, ndilo lililoko mezani kwangu sasa, katika kipimo cha 1/43, zaidi kidogo ya sentimita kumi toka bampa hadi bampa. Katika kipimo hicho soksi moja ya nailoni haitoshi. Nimeanza kutumia mbili, moja ndani ya nyingine. Jumapili iliyopita nilimpelekea mzee bodi tupu ikiwa na praima tu, pamoja na kopo zangu nne, nikamwomba anionyeshe tope alilolikumbuka yeye. Alifungua kopo moja baada ya jingine, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akalirudisha la Same, akachukua lile la kahawia la kwetu. Akasema magari yalikuwa yakija na rangi mbili: nyekundu juu, kahawia chini, kwa sababu mvua iliwakuta baada ya vumbi.

Mpangilio huo sikuwahi kuufikiria. Nimeanza na nyekundu.