Kompyuta ya Laki Nne na Nusu

Kompyuta yangu naiwasha kabla ya adhana ya alfajiri. Nabonyeza swichi, inakohoa, naiacha. Natia udhu, natembea hadi msikitini, naswali, nakaa kidogo na wazee wenzangu tuilaumu bei ya sukari, narudi kwa kupitia kwa mama wa mandazi. Nikiingia ndani nakuta kile kiduara bado kinazunguka katikati ya skrini, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Siku ya kwanza unamhurumia. Siku ya kumi unatamani umpe vyako aende zake.

Sisi tunakaa Bombo, barabara ya Gulu, kilomita kama 35 kutoka Kampala, mji wa Wanubi na wa kambi, ambako hata mbuzi ukimfukuza kwa Kiswahili anaelewa. Mimi nilikuwa mtunza stoo jeshini. Sina vita vya kusimulia. Vyangu vilikuwa vya mablanketi, masufuria na buti. Hakuna kijiko kilichotoka stoo yangu bila saini, na kikipotea lazima nijue kimepotelea mkononi mwa nani. Karatasi pia situpi. Risiti ya baiskeli niliyokwisha kuiuza bado ninayo.

Kompyuta yenyewe niliinunua Kampala mwaka 2017, mtumba wa Ulaya, ubavuni ina stika ya shule ya huko kwa lugha ambayo hakuna mtu Bombo nzima aliyeweza kuisoma. Mwaka ule mama watoto alikuwa anataka friji, auze maji baridi na barafu za juisi kwa wanafunzi. Nikamwambia, mama, hii ni nafasi haitokei mara mbili, nimeipata kwa laki nne na nusu, bei ya kutupa, na watoto watasoma. Akanyamaza. Laki nne na nusu: maneno hayo nimeyatamka nyumbani kwangu mara nyingi kuliko jina langu. Na friji haikusahaulika. Jua likiwaka, mama watoto anatazama barabarani wanafunzi wakipita na chupa za maji ya mwenzake, anaguna, halafu anaigeukia kompyuta. Hasemi kitu. Wallahi, heri angesema.

Basi kompyuta ilipoanza kutambaa, kila mtu akawa daktari. Mama watoto akasema ina jini, lisomewe. Jirani yangu Mganda akachungulia dirishani, akatikisa kichwa: "Ssebo, mulimu akawuka." Yaani humo ndani mna kadudu. Na kijana wangu, aliyemaliza Senior Six na sasa anamaliza chakula, akasema bila hata kuinua macho kwenye simu, "Baba, ni virusi tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonichoma. Maana nimegundua neno virusi limekuwa blanketi la nyumba nzima, kila mwenye kosa anajifunika. Bando la intaneti limeisha siku mbili baada ya kulipiwa? Virusi. Picha za harusi ya binti yangu Zubeda zimekwenda wapi? Virusi. Kibodi ina chai? Nikauliza, virusi vinakunywa chai ya maziwa? Kijana akasema siku hizi viko vya kila aina.

Nikaita fundi. Alikuja na bodaboda, begi mgongoni, miwani ya jua juu ya kichwa. Kompyuta hakuitazama kwanza. Alitazama televisheni, akatazama makochi, akatazama mbuzi wawili nje, ndipo akatamka bei: elfu arobaini. Virusi vyako, mzee, ni vya hatari sana. Akachomeka flashi yake, akaweka programu mbili za antivairasi, zote za wizi, na moja akaifungua kwa namba aliyoisoma kiganjani mwake. Mafahali wawili zizi moja. Kumbe Windows ina mlinzi wake wa bure, anaitwa Defender, naye akiona umeajiri mlinzi mwingine anajikalia pembeni kama askari aliyesusa. Wakabaki hao wawili. Kila faili ninalofungua, wa kwanza analisimamisha, analipekua, analiruhusu, hatua mbili mbele wa pili analisimamisha tena. Barua ya ukurasa mmoja inapita vizuizi vya barabarani kama lori la mkaa linaloingia Kampala usiku. Sasa nikawa nawasha kompyuta baada ya swala ya isha ili niitumie baada ya alfajiri.

Na hapo nina shida ya kweli. Nimetakiwa kupeleka nakala za hati zangu za pensheni, na zote nilishazipitisha kwenye mashine ya kunakili picha, zimo kwenye flashi yangu. Flashi hiyo ninaifunga pamoja na funguo za geti, haibanduki kiunoni. Lakini nikiichomeka, kila bahasha ya mafaili nikiigusa inafungua kitu cheusi mara moja, kinazimika, basi. Kijana akasema unaona, virusi. Nikasema vya nani? Maana mimi ni mtu wa stoo. Kitu hakiingii bila aliyekileta.

Nikaitisha foleni sebuleni. Nani aliingiza nini, lini, kwa ruhusa ya nani. Zubeda alikuwa amekuja na mtoto. Naye akasimama mstarini. Hakuna aliyekiri. Mjukuu wangu wa miaka minne peke yake ndiye aliyesema kweli, kwamba aliweka andazi kwenye tundu la pembeni ili kompyuta ile. Wakamcheka. Mimi sikucheka, niliandika.

Jumamosi akaja binti wa jirani, mwanafunzi wa Senior Three, kanzu ya nyumbani, mkononi bisibisi na brashi ya kupakia rangi. "Jjajja, wamesema kompyuta yako ni mgonjwa." Nikamwuliza bei. Akasema soda. Hapo nikajua huyu anajua kazi.

Alichomoa waya wa umeme kwanza, jambo ambalo fundi wa elfu arobaini hakulifanya hata kwa adabu. Akafungua ubavu wa lile boksi. Banange! Vumbi jekundu la barabara yetu lilikuwa limejaa humo kama unga kwenye pipa. Feni ilikuwa imevaa sweta. Akanieleza kwamba ubongo wa kompyuta ukipata joto kupita kiasi unajipunguzia mwendo wenyewe usiungue, kwa hiyo huu uvivu nusu yake ni mashine kujiokoa. Nikaona ni busara. Hata mimi mchana wa Januari siendi mbio. Akapiga brashi taratibu. Likatoka vumbi, wakatoka mende watano waliokauka, na nyuma yao kipande cha andazi kigumu kama kokoto. Jirani yangu, baba yake, alikuwa dirishani kama kawaida. "Nilisema nini? Akawuka!" Nikanyamaza, maana kweli alisema.

Akaiwasha, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Skrini ikatoa orodha ndefu. "Hawa wote, Jjajja, wanafanya kazi sasa hivi." Moyo wangu ukatulia. Orodha! Kwa mara ya kwanza kompyuta inaongea lugha yangu. Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikaanza kuwaita mmoja mmoja.

VPN tatu, zile programu za kupita mtandaoni kwa njia ya uchochoroni. Za nani? Zubeda akainamisha kichwa. Mnakumbuka Julai 2018, ulipokuja ule ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa mtu kuingia mitandao ya kijamii? Binti yangu, ili aokoe 200, akaweka VPN ya bure. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ikazimwa siku kadhaa, iliporudi Facebook haikurudi nayo, kijana akaweka ya pili, na ya tatu kwa ajili ya kuisaidia ya pili. Julai mwaka huohuo zile 200 zikafutwa, tukawekewa asilimia 12 juu ya bando lenyewe, ambayo hakuna VPN ya kuikwepa. Ushuru umekuja umeondoka, VPN zote zimebaki, na zinaamka pamoja na mashine kila asubuhi kama wageni waliokuja matangani wakapenda chakula.

Ya nne: programu ya kushushia sinema. Kijana akasema hiyo haina neno, sinema zilishashuka. Binti wa jirani akamwambia polepole, zimeshashuka, ndiyo, lakini programu bado inawapakulia wengine. Yaani mimi, mstaafu wa Bombo, usiku kucha nawalisha sinema watu nisiowajua, ng'ambo ya bahari, kwa bando langu. Siku mbili! Nikamtazama kijana. Alikuwa anatazama mbuzi.

Ya tano, kivinjari, kurasa 37 zimeachwa wazi. Nikapaza sauti: nani huyu? Binti akazipitia. Nyingi zilikuwa bei za friji. Nilijua za nani, nikaziruka haraka. Nyingine tisa zote zilikuwa swali moja, "namna ya kuharakisha kompyuta". Hizo sikuuliza za nani.

Akaondoa. Akazifukuza zile antivairasi mbili za wizi, Defender akarudi kazini. Akasema RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 2, na hiyo Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaanzia GB 4, haitaitazama hata mara mbili mashine hii. Akasema pia nikipata pesa nibadilishe diski ya kuzunguka niweke SSD, diski isiyozunguka, nitashangaa. Nikaandika "SSD" kwenye daftari, chini ya "mende 5".

"Na virusi viko wapi?" nikauliza. Nilikuwa nimebaki na hamu ya kumkamata mtu.

"Leta flashi yako, Jjajja."

Nikaifungua kwenye funguo, nikampa kwa mikono miwili. Defender akapekua. Katikati ya kazi Yaka, umeme wetu wa kulipia kwanza, ikaisha, tukakaa gizani, nikanunua nyingine kwa simu, tukaanza upya. Defender akapiga kelele mara moja tu, na kelele yenyewe ilikuwa ya flashi yangu. Kirusi cha njia ya mkato: kinayaficha mabahasha yako ya kweli, kinaweka badala yake picha zake zenye kamshale pembeni, ukigusa kamshale umekigusa chenyewe, nacho kinapanda kwenye kompyuta kusubiri flashi nyingine.

"Uliichomeka wapi?"

Pale kwenye kibanda cha kuchapa na kunakili, wapi tena. Mashine moja, flashi za mji mzima, kama kikombe cha kopo kisimani. Nyumba ikalipuka. Zubeda alicheka mpaka mtoto akaamka. Kijana alisimama, akanyoosha suruali, akauliza kwa sauti ya stoo kabisa: "Kimeingizwa na nani, lini, kwa ruhusa ya nani?"

Binti, kwa huruma, akageuza mazungumzo. Akanisimulia kwamba kirusi cha mwanzo kabisa cha kompyuta hizi za nyumbani zenye mfumo wa DOS, kilichoitwa Brain, kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kwa ndugu wawili waliokuwa wanauza programu za mambo ya tiba, na ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba za simu, ukiambukizwa uwapigie. Nikasema hao ndio watu. Ukiibiwa unajua pa kudai saini. Kirusi cha kibandani hakina hata jina.

"Mafaili yamepotea?" nikauliza.

"Hayajapotea. Yamefichwa tu."

Nikamwambia ayatoe yote, bila kubakiza hata moja. Nilisema hivyo, mbele ya mashahidi. Mama watoto wakati huo alikuwa anaingia na sinia la chai na soda ya binti. Akasimama nyuma yangu kuangalia. Binti akafungua dirisha jeusi, akaandika attrib, akaweka vistari na herufi, h, r, s, nikamwona anaandika na nyota mwishoni, akabonyeza. Kimya. Halafu bahasha zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine, kama askari wanaotoka porini. PENSHENI. SHAMBA. HARUSI, picha zote. Na ya mwisho, STOO, ambamo nilitia kila karatasi niliyowahi kuishika, siku ile kibandani nilipomwambia yule kijana anakili faili lote tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Hii ina nini?" binti akauliza, na kabla sijameza chai akaigusa mara mbili.

Kwa mara ya kwanza tangu 2017 kompyuta ile haikuzungusha kiduara. Ilifungua papo hapo, picha kubwa, safi, imejaa skrini nzima: risiti ya duka, kompyuta moja ya mezani, mhuri, tarehe, saini yangu mwenyewe, na chini kabisa, kwa wino wa buluu, shilingi 1,250,000.

Sinia likawekwa mezani taratibu.

"Baba Zubeda," mama watoto akasema, "hebu nisomee hapo. Miwani yangu iko jikoni."

Nikamwinamia binti wa jirani sikioni. Nikamwuliza kile kirusi, kama bado hakijaenda mbali, kinaweza kurudishwa?