Mbona mmenifanya kama marehemu?

Vijana wengi wanaopiga picha hapa Kigoma huamini kwamba picha ya dhiki haitakiwi kuwa na rangi. Wakishuka mwaloni Kibirizi, ufukweni wanakotia nanga wavuvi, wanapiga kama kawaida, jioni wanaiondoa rangi kwenye simu ili picha "iwe na uzito". Mama mmoja anayeanika dagaa alionyeshwa picha yake ya nyeusi na nyeupe. Akaitazama kitambo, akauliza: "Mbona mmenifanya kama marehemu?"

Nikamkumbuka Gordon Parks, mpiga picha mweusi wa kwanza kuajiriwa na jarida la Life la Marekani, mwaka 1948. Picha yake maarufu ya 1942, ya mama mfanya usafi mwenye ufagio mbele ya bendera, haina rangi. Ila mwaka 1956, alipokwenda Alabama, kusini mwa Marekani, kuonyesha ubaguzi dhidi ya watu weusi, alipiga kwa rangi. Slaidi, yaani vipande vya filamu ya rangi, zaidi ya 200 za kazi hiyo zilikuja kupatikana mwaka 2012, yeye akiwa ameshafariki.

Mojawapo ilipigwa mjini Mobile. Mama mmoja na mpwa wake mdogo wa kike wamesimama nje ya duka, wamependeza kama watu wanaokwenda kanisani. Gauni la mama ni la bluu iliyopoa. Juu yao taa za neon zinawaelekeza mlango wa watu weusi. Ukiondoa rangi, yanakuwa mambo ya enzi za babu. Rangi ikibaki, gauni lile angeweza kulishona fundi wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, wiki hii.

Wanaopinga rangi wana hoja, tena ya kweli. Rangi huiba jicho. Pale Kibirizi nyavu za bluu na kitenge chekundu humeza uso wa mtu, na mtazamaji akaishia kulisifia ziwa. Hata ile ya Mobile inavutia kiasi kwamba mtu anaweza kuitundika sebuleni asiuone ubaguzi uliomo.

Mimi bado nasimama na rangi. Uzuri wa gauni lile ndio ushahidi: mama kajipamba, kajiheshimu, na bado katengewa mlango. Na kitenge kikimeza uso, mpiga picha asogee, asubiri nyavu zipite.

Juzi tulimpelekea yule mama picha nyingine, dagaa wanang'aa kwenye chanja, kitenge chake cha manjano kimekaa sawasawa. Akakigusa kwa kidole pale kwenye kioo cha simu. "Hiki nilikinunua Idi," akasema, akaomba tumtumie mwanawe.