Nusu ya Nini?

Nilipovuka mstari wa kumalizia mbio zangu za kwanza za kilomita 21, yaani nusu marathoni, nikiwa bado nimeinama nimeshika magoti, mtu aliyekuwa akigawa medali alinivisha yangu akasema, "Hongera sana! Na ile kamili lini?" Hakuwa na nia mbaya. Alisema tu kile ambacho kila mtu husema. Nami, kwa kichwa chepesi cha mtu aliyeishiwa nguvu, nikamjibu, "Mwaka huu huu." Ahadi hiyo ya kukimbia marathoni nzima, kilomita 42, niliitimiza, na goti langu la kushoto halijanisamehe mpaka leo.

Swali hilo nimelisikia mara nyingi tangu hapo, na nakiri nimewahi kuwauliza wengine mimi mwenyewe. Kwetu sisi wakimbiaji wa ridhaa, watu wenye kazi za mchana na watoto wa kuamsha asubuhi, 21 imegeuzwa kuwa baraza la nyumba: unaketi hapo kwa muda ukisubiri kukaribishwa ndani. Ukikaa barazani miaka mitatu watu wanaanza kukuonea huruma. Ukisema unapapenda hapo hapo, wanadhani unajitetea.

Nadhani kosa limeanzia kwenye jina. Mita 400 hakuna anayeziita nusu ya 800. Mita 5,000 hazisemwi nusu ya 10,000. Zina mabingwa wake, rekodi zake na ujanja wake. Ni hizi kilomita 21 na mita 97 na kitu ndizo zilizobandikwa neno "nusu", na mtu akishaambiwa kwamba amefanya nusu ya jambo, hata awe amelifanya vizuri namna gani, moyo wake hautulii.

Na hicho kinachoitwa kizima nacho kina kichekesho chake. Marathoni ya Olimpiki za kwanza, Athens mwaka 1896, ilikuwa ya kilomita 40 hivi. Zile 42.195 zilipatikana London mwaka 1908, mbio zilipoanzia kwenye kasri la Windsor na kuishia uwanjani, mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Hata hapo umbali haukutulia. Stockholm mwaka 1912 wakakimbia kilomita 40.2, Antwerp mwaka 1920 wakakimbia 42.75. Ni mwaka 1921 ndipo shirikisho la riadha la kimataifa lilipoamua kwamba basi, iwe ile ya London. Kwa hiyo urefu unaotufanya tujione pungufu ulitegemea mahali walipoketi wafalme siku moja ya Julai. Siidharau marathoni kwa kusema hivyo, ila kipimo chake nacho kiliamuliwa na watu, tena baada ya kubahatisha sana.

Lakini historia si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kwamba 21 na 42 ni michezo miwili, na anayezichukulia kama ngazi moja yenye vipandio viwili atalipa. Mtazame Zersenay Tadese wa Eritrea. Mwaka 2010, mjini Lisbon, alikimbia nusu marathoni kwa dakika 58 na sekunde 23, na rekodi hiyo ya dunia ikadumu zaidi ya miaka minane. Eliud Kipchoge, ambaye jina lake halihitaji maelezo, muda wake bora kwenye 21 ni 59:25, aliouweka Lille mwaka 2012. Kwa hesabu ya kawaida, Tadese ndiye angetazamiwa kutawala marathoni. Basi nenda Berlin mwaka 2018. Siku ile ile, kwenye barabara ile ile, Tadese alikimbia 2:08:46, muda wake bora rasmi wa marathoni, na Kipchoge akamaliza kwa 2:01:39, rekodi ya dunia ya wakati huo. Mtu aliyekuwa na dakika nzima mkononi kwenye 21 aliachwa dakika saba kwenye 42. Je, kuna anayethubutu kumwita Tadese nusu mkimbiaji?

Tofauti yenyewe iko ndani ya mwili. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa namna ya glaikojeni, na akiba hiyo, kwa mtu anayekimbia kwa kasi yake ya mashindano, huanza kukatika kwenye kilomita ya 30 hivi. Mafuta mwilini yapo tele, hata kwa mtu mwembamba, ila kuyageuza kuwa nguvu huchukua muda, na miguu haisubiri. Hapo ndipo penye ule "ukuta" maarufu. Nusu marathoni inakwisha kabla ya kuufikia. Unaweza kukosea kasi kwenye 21, ukaanza kwa pupa, ukateseka kilomita tano za mwisho, na adhabu yako ikawa dakika mbili au tatu. Kosa hilo hilo kwenye 42 adhabu yake ni nusu saa na kutembea barabarani ukiwa umevaa namba kifuani.

Najua, kwa sababu nimetembea. Nilikuwa nimekimbia 21 kwa saa mbili kamili. Kuna kanuni mashuhuri ya mhandisi wa Kimarekani, Pete Riegel: unachukua muda wako wa mbio fupi, unauzidisha kwa uwiano wa umbali wa mbio mbili uliopandishwa kwenye kipeo cha 1.06. Saa mbili zangu zikanipa 4:10 kwenye marathoni. Nikaiandika 4:10 mkononi kwa kalamu ya wino, nikaianza safari kwa kasi ya dakika 5 na sekunde 55 kwa kilomita, nikapita alama ya 21 nikiwa ninatabasamu. Kilomita ya 31 mapaja yakageuka magogo. Kilomita ya 34 nilikuwa nikiukodolea macho ule wino na kuona kama ni mwandiko wa adui. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wahenga hawakufika kilomita ya 36. Mimi nilijikwaa nikiwa natembea. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 7, nikashuka ngazi kinyumenyume siku tatu, kisha goti likaanza kesi yake, wiki tisa bila kukimbia hata hatua.

Baadaye nilisoma utafiti wa Andrew Vickers na Emily Vertosick uliochapishwa mwaka 2016, uliochunguza nyakati za wakimbiaji wa ridhaa. Kanuni ya Riegel, walikuta, inafanya kazi vizuri mpaka kwenye nusu marathoni. Ikifika kwenye marathoni inawapa watu matumaini ya bure: nusu ya wakimbiaji walitabiriwa muda ulio mfupi kwa dakika kumi au zaidi kuliko walioweza. Kanuni haina hila. Inamchukulia mkimbiaji kwamba amefanya mazoezi yanayolingana na umbali, na wengi wetu tunaotoka kwenye 21 kwa miezi minne hatujayafanya. Mimi mbio zangu ndefu zaidi kabla ya siku ile zilikuwa kilomita 27, mara moja, na nilizifanya kwa kasi isiyostahili kwa sababu nilikuwa namfukuza mtu niliyemwona mbele.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliongei vya kutosha. Mkimbiaji mgeni ndiye anayekaa barabarani muda mrefu kuliko wote. Bingwa anamaliza kwa saa mbili na dakika kidogo. Mimi nilikuwa nje saa tano, nikinywa maji kila meza kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ninywe. Watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston mwaka 2002, wakakuta asilimia 13 wana sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) pungufu kwenye damu, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito wakiwa njiani, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho, na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Sodiamu ikishuka sana inaweza kuua. Sisemi hivi kumtisha mtu aache maji. Kunywa ukisikia kiu, usishindane na meza. Lakini ona mzigo tunaombebesha mtu tunapomsukuma kwenda 42 mapema: tunampeleka kwenye saa zile ngumu kabisa akiwa na ujuzi mdogo kabisa.

Sasa tazama 21 inavyomtendea mtu mwenye maisha mengine. Siku tatu au nne za mazoezi kwa wiki zinatosha. Mbio ndefu za wikendi ni kilomita 16 mpaka 20, unarudi nyumbani kabla jua halijakuwa kali, unaoga, na bado una mchana mzima wa kuwa baba wa mtu. Maandalizi ya marathoni yaliyonyooka yanataka wiki 16 au zaidi, na mbio ndefu za kilomita 30 kwenda juu zinazokula Jumamosi yote, kwa sababu ukirudi mwili upo ila mwenyewe haupo. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama nimekuja kula au nimekuja kulala mezani. Lilikuwa swali la haki.

Na kubwa kuliko yote, 21 unaweza kuirudia. Marathoni watu wengi huimudu mara moja au mbili kwa mwaka. Ukiamka siku hiyo tumbo limevurugika, au jua limewaka kupita kiasi, miezi minne imekwenda na maji. Nusu marathoni ikikuendea vibaya, unapumzika wiki mbili, unajipanga tena ndani ya miezi miwili. Kwa kurudia ndipo mtu anapojifunza kukimbia mashindano, jambo ambalo ni tofauti na kuwa na pumzi. Mbio zangu za kwanza tatu za 21 zote nilizianza kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi. Kwenye ya nne ndipo nilipozuia miguu kilomita tano za mwanzo, nikawaacha watu wanipite wote, hata yule aliyevaa vazi la dinosau, nikaanza kuwaokota mmoja mmoja kuanzia kilomita ya 13. Dinosau nilimpata kwenye 19. Furaha ya siku ile hakuna medali ya 42 iliyonipa.

Hilo la kuzuia miguu ni la mazoezini pia. Sehemu kubwa ya kilomita za wiki inapaswa kuwa ya kasi ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, na hapo saa ya mkononi ndiyo adui, maana inaonyesha namba zisizopendeza na marafiki wataziona mtandaoni. Wengi tunakimbia mazoezi mepesi kwa kasi kupita kiasi, kisha yale magumu tunayafanya tumechoka, kwa hiyo kila siku inakuwa ya wastani. Yatosha, hilo lina makala yake.

Kuna watakaosema nawakatisha watu tamaa. Dada mmoja ninayekimbia naye alikimbia 42 mwaka mmoja baada ya kuzika baba yake, akiwa hajawahi hata kushiriki mbio za 10, na alifika. Nani mimi nimwambie angesubiri? Mtu akiwa na sababu yake, sababu hiyo ina kilomita zake. Ninaowalenga ni wale wasio na sababu yoyote isipokuwa swali la mgawa medali. Na sijasema mtu asifike ndani. Kama umekimbia miaka miwili hivi mfululizo, wiki ya kilomita 50 haikuachii maumivu ya ugoko wala kisigino, na umewahi kukimbia 21 ambayo kilomita kumi za mwisho zilikuwa za kasi kuliko kumi za mwanzo, basi jiandikishe, nami nitakuja kukushangilia kwenye kilomita ya 33, pale ambapo mashabiki huwa wachache.

Mimi mwenyewe nimejiandikisha tena, wiki nane zijazo, kilomita 21. Muda wangu bora ni 1:52:40, na nadhani kuna dakika mbili zilizobaki ndani yake, moja ikiwa kwenye ule mlima wa kilomita ya 15 ambao kila mwaka naupanda kwa hasira. Jirani yangu alipoona nimerudi na jasho jana aliniuliza, "Safari hii ni ile kamili?" Nikamwambia ndiyo, kamili, kilomita 21 na mita 97. Akatafakari kidogo, akauliza kama zile mita 97 nazo zinahesabiwa. Kesho nina 18, sita za mwisho kwa kasi ya mashindano. Kengele nimeitega saa kumi na moja kasorobo.