Sufuria haipimi: vinka, mstafeli na saratani

Mbele ya nyumba nyingi za Tanga kuna ua dogo la waridi au jeupe, petali tano, linalovumilia mchanga na upepo wa bahari. Ukivunja shina hutoa utomvu. Ni vinka, asili yake Madagaska. Humo majanini ndimo zilimopatikana vinblastini na vinkristini, dawa za saratani ambazo hospitali zinazitegemea mpaka leo, vinkristini hasa kwa watoto wenye saratani ya damu. Kwa sababu hiyo wapo wanaoyachemsha majani hayo na kumnywesha mgonjwa. Hilo napinga kwa nguvu zangu zote.

Miaka ya 1950 majani ya vinka yalifika Kanada kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai ya kisukari. Watafiti Robert Noble na Charles Beer wakawanywesha panya: sukari haikushuka. Wakawachoma sindano ya maji ya majani yale yale, panya wakafa kwa maambukizi, maana chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zilikuwa zimeporomoka. Kilichowaua panya ndicho kilichokuja kuwa dawa, baada ya kutengwa na kupimwa. Ili kupata gramu 1 tu ya vinblastini huhitajika takriban kilo 500 za majani makavu. Vinkristini hupimwa kwa ukubwa wa mwili, na kwa kawaida sindano moja haizidi miligramu 2. Ikivuja nje ya mshipa, nyama huungua. Sasa fungu la majani lina kiasi gani cha dawa hizo? Hubadilika kwa umri wa mti, udongo na mvua, na sufuria haina njia ya kukujulisha.

Mstafeli ndio unaonywewa zaidi. Tunda lake siligombi, kula. Majani yanayochemshwa kila siku kwa miezi ni jambo jingine. Yana annonasini, kemikali ambayo kwenye vyombo vya maabara huua chembe za saratani, ila huua pia chembe za neva. Huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, tangu 1999, madaktari wameuhusisha ulaji mkubwa wa mstafeli na ugonjwa unaofanana na Parkinson, mwili kukakamaa na kupoteza usawa wakati wa kusimama au kutembea, usioitikia vizuri dawa za kawaida. Na bado hakuna utafiti kwa wagonjwa uliothibitisha kwamba chai hiyo inaponya saratani.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Saratani ya shingo ya kizazi inaongoza kwa wanawake nchini. Kuichunguza ni kupaka asidi ya siki iliyopunguzwa nguvu, kusubiri dakika moja hivi, na kutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Mabadiliko ya awali huondolewa kwa baridi au joto kabla hayajawa saratani. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, asipewe chupa ya kwanza ya dawa ya mitishamba kabla hajapimwa.

Siwatupi waganga. Tanga hii hii, tangu miaka ya 1990, TAWG, shirika la hapa Tanga la kupambana na UKIMWI, iliwakutanisha waganga na wahudumu wa hospitali kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI. Mganga anayesema "kapime kwanza, dada yangu" anaokoa maisha.

Kama mgonjwa anakunywa kitu, daktari akijue. Usipeleke unga, ukishasagwa hautambuliki kwa macho. Kata tawi lenye majani, na ua au tunda kama lipo, lilaze kati ya kurasa za gazeti. Andika jina alilolitaja muuzaji, sehemu iliyotumika (mzizi, gome au jani), vikombe vingapi kwa siku, tangu lini. Jina peke yake halitoshi: mstafeli, mtopetope na mtopetope-mwitu ni ndugu, na sokoni huchanganywa. Fanya hivyo kabla ya sindano ya kwanza au upasuaji.

Na aliyeanza sindano za saratani, joto lake likifika nyuzi 38, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeshuka, kama za panya wale, na homa hiyo haingoji maji yachemke.